Kuhama kutoka Makarov kwenda Glock na ala mpya: yaliyonikuta hapa Tabora

Mwangaluka wakubwa. Kuna mdogo wangu yuko Nzega, naye ni mtu wa mpunga kama mimi, amekubaliwa bastola mpya baada ya kukaa na ya zamani miaka kibao, juzi kanipigia anauliza "kaka, holsta ninunue ipi?", yaani kwake yeye kazi iliyobaki ni hiyo tu. Nikamwambia swali la ala, yaani hiyo holsta ya kuvalia bastola kiunoni, lipo ila liko katikati, kuna mambo kabla yake na kuna mambo baada yake, na mimi nilipohama nilikosea karibu kila mahali pa kukosea. Naandika mara moja ili nisirudie kwenye simu. Kama huna leseni au bastola yako ni ya "kuazima kwa jamaa", haya hayakuhusu, wewe nenda kituoni ukaongee nao mapema kabla hawajakufuata.

Mimi nanunua mpunga Igunga, karanga na asali upande wa Sikonge, na kipindi kile naomba leseni ya kwanza ilikuwa ni kubeba pesa taslimu kwenye mfuko wa rambo chini ya siti, wakulima hawataki kusikia habari nyingine. Sa hivi nusu ya malipo napitisha kwenye simu. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kabla ya kuhama ni kama bado unaihitaji kiunoni kila siku, au inatosha ikae kwenye sefu na itoke msimu wa manunuzi tu. Jiulize kwa ukweli. Kuna watu wanabeba kwa sababu wamezoea uzito, na kuna wengine wanabeba ili waonekane baa, hao wa baa sina la kuwaambia, polisi wameshawaonya sana.

Haya, karatasi. Leseni ni ya silaha ile yenye namba ile, siyo leseni ya "bastola" kwa ujumla kama ya udereva ambapo unabadili gari unavyotaka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ndiyo inayotuongoza, na bastola mpya maana yake ni maombi mapya, unaanzia mtaani kwako kwa mtendaji, unakuja kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), kamati ya ulinzi na usalama, mkoani, mpaka kwa Msajili wa silaha. Inachukua muda, andaa uvumilivu. Kosa la kwanza nililofanya: nilimpa muuzaji hela ya kuishikilia ile Glock kabla sijakubaliwa, nikakaa miezi roho juu, usifanye hivyo. La pili, sikuuliza mapema ile ya zamani itaenda wapi. Huwezi kumuuzia shemeji yako sebuleni hata kama naye ana leseni yake. Inapita kwa polisi au kwa muuzaji aliyeruhusiwa, na unabaki na maandishi yenye namba ya silaha, tarehe na muhuri. Hilo suala lipeleke kwa OCD siku ileile unayopeleka maombi ya mpya.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopita haraka.

Makarov yangu ilikuwa ya chuma tupu, gramu 730 bila risasi, magazini ya risasi 8, na ubavuni kwenye slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma) upande wa kushoto kuna kile kiwiko cha sefti, yaani kufuli la usalama, ukikipandisha juu imefungwa na kinyundo kinashuka chenyewe kwa usalama, ukikishusha chini iko tayari. Triga, ile unayoivuta kwa kidole kufyatua, mara ya kwanza ni ndefu na nzito, zinazofuata ni laini. Kitasa cha kutolea magazini kiko chini kabisa kwenye kitako cha mpini, unakivuta nyuma kwa kidole cha mkono mwingine. Mtu ukikaa na mashine ya namna hiyo miaka nane mkono unajifunza wenyewe, huna haja ya kufikiri, kidole gumba kinashusha sefti kabla hata akili haijajua.

Glock 19 sasa. Mwili wa plastiki ngumu, kama gramu 600 hivi ikiwa tupu, magazini ya risasi 15, na ni ndefu kuliko Makarov kwa kama sentimita mbili na nusu. Na hamna sefti ya kidole gumba. Hamna. Usalama wake uko ndani, ule ulimi mdogo katikati ya triga pamoja na vizuizi viwili ndani ambavyo vyote vinaachia pale tu triga inapovutwa hadi mwisho. Triga ni ileile kila mara, haina ile ya kwanza nzito. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba chochote kitakachovuta triga, iwe kidole, iwe kamba ya koti la mvua, iwe pindo la shati, iwe ngozi ya ala iliyolegea, bastola italia, haitakuuliza kama umekusudia. Mtu aliyetoka kwenye Makarov amezoea kusamehewa na ile sefti na ile triga nzito. Huku hakuna wa kukusamehe, msamaha wote umehamia kwenye ala na kwenye kidole chako. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini nang'ang'ania ala kuliko bastola.

Wiki mbili za mwanzo gumba langu lilikuwa linapapasa ubavuni kutafuta kiwiko ambacho hakipo, na nikitaka kutoa magazini mkono wa kushoto unaenda chini kwenye kitako wakati kitufe kiko juu kabisa karibu na kilinzi cha triga, ule mduara unaoizunguka triga. Ni kichekesho kwa anayeangalia, ila siku ya siku siyo kichekesho. Ndiyo maana nasema usibadilishane, leo hii kesho ile. Chagua siku, ya zamani ifungiwe kwenye sefu ikisubiri kukabidhiwa, usiiguse tena. Mkono hauwezi kuwa na wake wawili.

Kuna na hili la kufungua kwa ajili ya usafi, tafadhali lisomeni mara mbili. Makarov unaifungua kwa kushusha kilinzi cha triga, triga yenyewe huigusi. Glock ili uitoe slaidi lazima uvute triga kwanza. Umeona hatari ilipo? Mtu anatoa magazini, anadhani imeisha, kumbe moja imebaki kwenye chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kusubiri kufyatuliwa), anavuta triga mezani. Utaratibu wangu: magazini nje, vuta slaidi nyuma mara kadhaa, ifungie nyuma, angalia kwenye chemba kwa macho halafu ingiza kidole kidogo upapase, maana usiku umeme umekatika macho yanadanganya. Risasi zote zinaenda chumba kingine. Ndipo mtutu unauelekeza kwenye ndoo ya mchanga, ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga wa ujenzi, ndipo unavuta. Ndoo nimeiweka chumbani kona ileile kila siku, mke wangu alidhani nataka kupiga plasta.

Risasi nazo hazifanani ingawa zote watu wanaziita "tisa". Ya Makarov ni 9x18, ya Glock ni 9x19, ni vitu viwili tofauti, na kichwa cha risasi ya Makarov ni kinene kidogo. Usiweke boksi mbili kwenye droo moja. Zile za zamani zilizobaki niliziorodhesha nikazikabidhi pamoja na bastola, hata zile tano zilizokuwa kwenye soksi.

Haya, ala.

Nilikuwa na ala ya ngozi ya Makarov, nzuri, imeiva, nimeizoea kama kiatu. Bastola mpya ilipokuja nikaona kwa nini nitupe hela, nikachora umbo la Glock kwenye boksi (bastola yenyewe hupeleki kwa fundi, na hata mchoro usitembee nao ovyo), nikampelekea fundi viatu mmoja mzuri sana, akafumua, akaongeza kipande, akashona mshono maridadi. Ikaingia vizuri. Nikafurahi. Hiyo ilikuwa Agosti. Oktoba ikafika, na mnaijua Oktoba ya Tabora kabla mvua hazijaanza, jasho linashuka mpaka kwenye soksi, ngozi ikalainika, mdomo wa ala ukawa unajikunja kwa ndani kila nikitoa bastola. Siku moja jioni niko chumbani napiga mazoezi na bastola tupu, natoa, narudisha, natoa, narudisha, mara nasikia "tak". Nikadhani nimeota. Nikaangalia, ule mdomo uliojikunja umeingia kwenye kilinzi cha triga na wakati nasukuma chini ngozi ndiyo imevuta. Ilikuwa tupu kwa sababu ya ule utaratibu wa ndoo, ingekuwa na risasi ingepita kwenye paja kwenda chini na kwenye paja kuna mshipa mkubwa wa damu, mtu hafiki hospitali. Nilikaa kitandani kama dakika kumi sijui hata nafikiria nini. Fundi hana kosa, alishona nilichomwambia.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuuliza waliotangulia na kusoma. Nayoyaangalia sasa kwenye ala ni haya. Iwe imetengenezwa kwa ajili ya bastola hiyohiyo, siyo "inaingia zote", zile za kitambaa zinazouzwa kwa bei ya chipsi kuku zinazoingia kila bastola ziache zilipo. Ifunike triga yote pande zote mbili, na kifuniko kiwe kigumu kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole kwa nje triga haisikii. Mdomo ubaki wazi hata bastola ikiwa nje, ili urudishe kwa mkono mmoja bila kupanua na mwingine, ukiona unaingiza vidole vya kushoto kupanua mdomo ujue unaupitisha mkono wako mbele ya mtutu. Na ishike. Jaribio la kushika: bastola tupu ndani ya ala, geuza juu chini juu ya godoro, tikisa kidogo, isidondoke.

Kwa hayo yote, ile plastiki ngumu inayoitwa kaideksi inashinda kwa hali yetu ya hewa. Hailainiki na jasho, unaiosha na maji, ukirudisha bastola unasikia "klik" imekaa. Ubaya wake inakwaruza rangi ya slaidi na siku za mwanzo inakufinya kiunoni. Na usiiache juu ya dashibodi juani, joto ndilo linaloiumba kiwandani na joto linaweza kuipindisha. Ngozi nzito ya kazi ya kweli, yenye mdomo ulioimarishwa, nayo siyo mbaya, sitaki mtu aseme nimeponda ngozi, nimeponda ngozi iliyochoka.

Mkanda watu wanausahau. Bastola yenye risasi 15 ni karibu gramu 850, ukiiweka kwenye mkanda wa mtumba wa suruali ya harusi inalala nje kama sikio la mbuzi na kila mtu sokoni anaiona. Hapa yule fundi viatu wangu ndiyo alinisaidia kweli, alinishonea mkanda wa ngozi mbili zilizobandikwa pamoja, mgumu, upana unaojaza njia za klipu ya ala. Mwaka wa pili huu. Suruali ongeza saizi moja kama unabeba kwa ndani. Shati la kitenge lililoachwa nje ndilo rafiki wa kweli, lile lenye maua mengi, macho hayajui yaangalie wapi.

Mahali pa kuiweka, kwenye video wazungu wanasema "saa tatu", "saa nne", nami mwanzo nikawa najikuta naweka sehemu za ajabu, mpaka nikashtuka wao wanasoma namba zilizoandikwa kwenye sahani ya saa, saa tatu yao ni pale mshale kwetu unaposema saa tisa! Yaani ubavuni kulia, kwenye mfupa wa nyonga, au nyuma yake kidogo. Mimi nipo nyuma ya nyonga kidogo. Katikati ya mgongo usiweke, hasa kama unapanda bodaboda, ukianguka chali unaanguka juu ya chuma na uti wa mgongo. Halafu kwenye boda abiria wa pili akikaa nyuma yako mshikaki anaisikia kwa goti, kesho mtaa mzima unajua. Mimi nikiwa nayo nakodi boda peke yangu.

Mazoezi. Kabla ya kubeba yenye risasi nilitembea nayo tupu ndani ya nyumba siku kumi, nimeikoki bila risasi, chemba tupu, magazini tupu, nainama, nabeba gunia, napanda kwenye pikapu, nalala kwenye kochi. Jioni naangalia triga kama bado iko mbele. Ikiwa imerudi nyuma maana yake kitu fulani mchana kimeivuta, na hiyo ala ni ya kutupa. Ya kaideksi siku zote kumi triga ilibaki mbele. Jioni dakika kumi na tano za kutoa polepole mbele ya ndoo ya mchanga, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola, na kurudisha polepole zaidi. Kutoa haraka kunaweza kukusaidia, ila kurudisha haraka hakujawahi kumsaidia mtu yeyote, hakuna anayekushindanisha. Nasimama, naangalia mdomo wa ala kwa macho, naondoa shati kwa mkono wa kushoto, nainamisha kiuno mbele kidogo ili mtutu utazame mbali na paja, ndipo inaingia.

Kufyatua kweli ni mahali palipoidhinishwa tu, niliomba kupitia OCD nikapangiwa siku kwenye uwanja wa shabaha na askari anasimamia, risasi 30. Usiende kwenye miombo huko njia ya Sikonge ukajaribu kwenye mti, ni kosa, na warina asali wako kila mahali humo huwaoni. Risasi kumi za mwanzo zote zilienda chini kushoto, yule afande akacheka akasema "mzee unaikamua kama limau", nikalegeza kidole, zikaanza kurudi katikati.

Kitu kingine kidogo ambacho hakisemwi: usiitoe na kuiingiza risasi ileile kwenye chemba kila siku asubuhi na jioni. Kila ikigonga inasukumwa kidogo ndani ya ganda, na ikishazama presha inapanda vibaya. Mimi usiku naivua pamoja na ala yake, haitoki, inaingia kwenye sefu hivyohivyo. Na vumbi, jamani, ukitoka vijijini kiangazi kila wiki fungua, piga brashi, mafuta ya bunduki matone machache, siyo oili ya pikipiki, na ala yenyewe ipulize, nyuzi za shati zinajikusanya humo ndani.

Sasa la choo. Wakubwa mnacheka lakini ndilo swali nililopigiwa simu zaidi kuliko yote. Choo cha shimo, unalegeza mkanda, unachuchumaa, bastola iko kwenye mkanda unaolegea juu ya tundu. Nadhani picha mnayo. Usiitoe ukaiweka kwenye ukingo wa dirisha, utaisahau, watu wamesahau. Inabaki ndani ya ala, mkanda unaufunga tena ukiwa umeshuka magotini, buckle imebana, na suruali unaivuta mbele kwa mkono wa kulia. Kama ala haishiki juu chini (lile jaribio la godoro) choo ndicho kitakachokwambia.

Msikitini Ijumaa siendi nayo, nikisujudu inatokeza na mwenzangu wa safu ya nyuma ibada inamharibikia. Inabaki kwenye sefu. Benki kabidhi mlangoni au usiende nayo. Na siku ya kunywa, kwa wale wanaokunywa, haitoki nyumbani kabisa.

Kwenye kizuizi cha polisi mikono yote juu ya usukani, taa ya ndani washa kama ni usiku, halafu unaongea kabla hujashika kitu: "Shikamoo afande, nina silaha yenye leseni, ipo kiunoni kulia, leseni iko mfuko wa shati, unataka nifanyeje?" Kisha fanya anachokwambia tu. Na hakikisha ni leseni ya hii mpya, mimi kule Igunga nilitoa ya Makarov kwa mazoea, namba hazilingani, nikakaa kituoni tangu asubuhi hadi adhuhuri mpaka mwanangu alipoleta ile sahihi. Walikuwa na haki yao kabisa.

Sefu iwe imefungwa na bolti ukutani kwenye tofali la kuchoma, siyo ile ya kubebeka. Funguo sitaji inapokaa hata hapa. Wajukuu wakija likizo nahesabu kila jioni.

Makarov niliikabidhi Februari, nikapewa karatasi yangu, nimeiweka na hati ya kiwanja. Ile ala ya ngozi niliikata kwa wembe katikati ya mdomo ili asije mtu akaiokota akaitumia, kipande cha chini kinakaa spana ya plagi kwenye pikapu.